Punda Hupimwa Akiwa na Mzigo

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, halafu mmoja wenu akasema, "Mzee, usiende na kila kitu, tuachie kidogo kwa karatasi." Miezi mitatu nimezunguka na ombi hilo. Mengi ya niliyoyajua mnayo vitabuni, na yameandikwa vizuri kuliko nitakavyoweza. Habari za vyeo sitaziandika. Vilichelewa kuja, na vilipokuja havikunifundisha kitu. Nitaandika habari za kiungo kimoja cha mguu wa nyuma, kwa sababu ndicho kilichonifanya niiheshimu kazi hii ya kutibu mifugo, na hadi leo nikikifikiria mwili unanisisimka.

Chuoni kiungo hicho tulifundishwa kwa farasi. Alikuwa mmoja tu, mzee, wa rangi ya kahawia, aliyekwisha kukunjwa miguu na wanafunzi wengi hata ukimkaribia alikuinulia mwenyewe ili mmalizane. Mwalimu alituonyesha kile kifundo kinachochongoka kuelekea nyuma, katikati ya mguu. Watu hukiita goti, lakini ukiifuata mifupa utaona ni kisigino kilichopandishwa juu. Farasi na punda hutembea kwa ncha ya kidole siku zote za maisha yao. Ndani yake mna mifupa sita, mingine bapa, imelaliana kama matofali. Kiungo cha juu ndicho kinachokunja mguu. Vile vya chini, kati ya mifupa bapa, husogea kidogo sana, na kazi yake ni kupunguza mshindo. Ni hivyo vya chini vinavyoshikwa na baridi yabisi, mnyama akibeba sana, akipanda miinuko sana, au akizaliwa na miguu isiyonyooka. Kipimo kilikuwa hiki: unaukunja mguu, unaushikilia dakika moja hivi, unauachilia, na mwenzako anamkimbiza papo hapo. Akichechemea zaidi hatua za kwanza, shuku kifundo. Niliyaandika yote kwa wino wa buluu, nikapigia mstari, nikapita mtihani, nikapelekwa Tseikuru, kaskazini mwa Ukambani.

Miaka ya sitini ilikuwa inaisha. Tseikuru hakukuwa na farasi hata mmoja. Kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, ngamia wachache waliopita na wenyewe kutoka kaskazini, na punda kila boma. Ndiye aliyeleta maji, akabeba mtama, akapeleka ngozi sokoni, na mgonjwa akizidiwa ndiye aliyempeleka zahanati. Lakini daftari la kituo chetu lilikuwa na safu ya ng'ombe, ya mbuzi, ya kondoo na ya mbwa. Punda aliandikwa chini ya "wengineo", pamoja na sungura wa mwalimu mkuu.

Mkubwa wangu kituoni alikuwa Bwana Nzioka. Nilimwogopa mwaka mzima, kisha nikampenda. Alinifundisha kuchemsha sindano za chuma mpaka maji yageuke rangi, kunoa kisu cha kwato kwa jiwe la mtoni, na kuketi kwanza kabla ya kumgusa mnyama. "Mwache akusome," alikuwa akisema. "Wewe umesoma, yeye bado." Kwa ng'ombe sijaona mkono kama wake. Punda hakuwapenda. Alisema punda ni mnyama asiyekubali kueleza shida yake, na yeye hana muda wa kubembeleza.

Katika hilo la kueleza shida, alisema kweli. Fisi au simba akimwona punda anachechemea humchagua huyo, basi punda huficha. Atasimama na kifundo kinachowaka, masikio wima, macho makavu, na wewe uliyetoka chuoni utaandika kwamba hana neno.

Mama Mwende alikuja siku ya josho, ya kuogesha ng'ombe dawa ya kupe, wakiwa wamejaa uani na kelele yao. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, na kwenye paji la uso alikuwa na ule mfuo ambao akina mama wa Ukambani huwa nao kwa kubeba mtungi mgongoni na ukanda kichwani tangu utotoni. Aliishi ng'ambo ya kilima na mama mkwe wake aliyekwisha kupofuka. Mtoto wake, Mwende, alikuwa ameolewa mbali. Nyuma yake alimvuta punda dume wa kijivu, wa makamo, mwenye shingo nene.

"Daktari," akaniambia. Nilikuwa msaidizi tu, lakini huko kila mwenye koti la kaki na sindano ni daktari. "Hii punda yangu iko na shida kwa mguu ya kushoto, ya nyuma."

"Anachechemea?"

"Hapana. Debe ya kushoto inafika nyumbani nusu."

Niwaeleze ninyi mnaojua mitungi ya plastiki tu. Wakati ule maji yalibebwa kwa debe, ile mikebe ya bati iliyokuja na mafuta, iliyo wazi juu. Punda alifungwa fremu ya miti mgongoni, debe mbili upande huu na mbili upande ule. Juu ya maji mwenyewe alitandika matawi yenye majani mabichi ili yasimwagike. Kutoka mchanga wa mto, walikochimba visima, hadi kwa Mama Mwende ni mwendo wa saa mbili, na mwanzoni kabisa kuna ukingo wa mto uliosimama karibu kama ukuta.

Nikamwambia, kwa heshima lakini kwa uhakika wa ujana, kwamba huenda debe linavuja.

"Nilifikiri hivyo," akasema. "Nikachukua ya kulia nikaweka kushoto, ya kushoto nikaweka kulia. Bado ni kushoto inapungua. Nikaona labda fremu imelala. Nikaazima fremu ya jirani. Bado kushoto. Nikaweka majani mengi. Kushoto. Sasa imebaki nini? Imebaki punda."

Vijana, mimi nilikuwa na cheti. Yule mama alikuwa hajaingia darasani hata siku moja. Na alikuwa amefanya jambo ambalo walimu wangu walitumia muhula mzima kujaribu kututia kichwani: kubadilisha kitu kimoja, kuacha vingine, kuangalia. Sikuliona hilo siku ile. Niliona mama anayenichelewesha na foleni ya ng'ombe.

Nilimkunja punda mguu kama nilivyofundishwa. Akasimama kimya. Nikauachilia, nikamwambia Mama Mwende amkimbize. Punda akamtazama, akanitazama mimi, akabaki pale pale. Tulimsukuma wawili. Watu waliokuwa na ng'ombe wao wakaanza kufurahi. Mwishowe alitembea hatua ishirini, taratibu, vizuri kabisa. Nikainua ukwato, nikakuta kijiwe kimebana, nikakitoa kwa mbwembwe nikamwonyesha.

"Ni hiki. Mpumzishe wiki mbili. Mfunge kivulini, asitoke."

Mama Mwende akakitazama kijiwe, akanitazama mimi. "Wewe daktari unapima punda ikiwa imesimama bila kitu," akasema. "Hata mimi nikiwa nimeketi hivi, nani atajua magoti yangu?" Kisha akauliza wiki mbili hizo atakunywa nini. Akaenda zake.

Alimpumzisha, kwa kuwa daktari amesema. Alibeba maji mwenyewe, mgongoni, kila siku, kwa magoti ambayo baadaye nilijua yalikuwa mabaya kuliko kifundo cha punda. Wiki mbili zikaisha, akarudi kuniambia kwamba punda sasa amekauka kama mti, asubuhi hawezi hata kugeuka. Kiungo chenye baridi yabisi ukikifunga mahali pamoja kinakaza. Imo kitabuni, nilikuwa nimeipigia mstari.

Hapo nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Kituoni tulikuwa na unga wa kutuliza maumivu, kopo moja, uliotumwa kwa ajili ya sijui nani. Nikampa Mama Mwende vipimo vya siku tano, achanganye na pumba. Siku ya tatu nilipita kwake na baiskeli nikamkuta punda anatembea kama ndama. Nilijisikia mkubwa sana. Nikamwambia, "Amepona, mwaitu. Mpakie kama zamani." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na nilitamka kwa sauti ya mtu anayetoa baraka.

Kesho yake punda alipakiwa debe nne, akafika chini ya ule ukingo, akaupanda kwa nguvu zake zote kwa kuwa hakusikia tena maumivu ya kumwambia apunguze. Karibu na juu mguu wa kushoto ulikataa. Alianguka na mzigo akateleza hadi mchangani. Waliokuwepo wanasema hakulia, alilala tu akipumua.

Niliitwa, nikaenda na Bwana Nzioka kwa pikipiki yake. Punda alikuwa amekwisha kuinuka, amesimama kwa miguu mitatu, ule wa kushoto akigusisha ncha tu. Fremu ilikuwa vipande. Debe mbili zilikuwa zimebonyea hazifai tena. Mama Mwende alikuwa ameketi mchangani kando yake, hakutusalimu.

Bwana Nzioka alikipapasa kile kifundo muda mrefu, macho yamefungwa nusu kama kawaida yake. Kisha akaninong'oneza, lakini mchangani sauti hufika. "Hakijavunjika. Lakini hiki kimekwisha siku nyingi. Andika hana faida tena. Askari wa chifu ana bunduki, leo leo amalizwe, asiteseke."

Mama Mwende akanyanyua kichwa. "Bwana mkubwa," akasema polepole, "mimi magoti yangu pia imekwisha siku nyingi. Na mimi utaniitia askari?"

Akaendelea, na sasa alikuwa akisema nami. "Hii ikienda, mimi siwezi kubeba. Nimejaribu wiki mbili zako. Nitachukua mama ya bwanangu, tuende Mwingi kwa ndugu yangu, na shamba ibaki nyasi. Bwanangu amezikwa pale. Unasikia? Mimi sililii punda. Nalilia kwangu."

Nilisikia. Nimesikia hadi leo. Bwana Nzioka alinitazama, na nadhani aliona uso wangu, kwani alisema tu, "Ni mgonjwa wako," akawasha pikipiki.

Wiki iliyofuata, punda alipoanza kukanyaga, nilifanya nililopaswa kufanya siku ya josho. Nilifika kwa Mama Mwende alfajiri, nikaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, nikatazama. Punda alipoanza kutembea, hatua ya mguu wa kushoto ilikuwa fupi kuliko ya kulia. Ncha ya ukwato iliburuta, ikaacha mstari mwembamba vumbini kila hatua, na nilipouinua nilikuta umelika mbele tu. Kila ukwato huo ulipotua, nyonga ya upande ule ilipanda juu kidogo, kama mtu anayekwepa mwiba. Baada ya mwendo wa shamba moja, hatua ikaanza kurefuka. Mama Mwende alikuwa akitembea nyuma yake kwa mwendo ule ule, mfupi kwanza, kisha mrefu.

"Asubuhi mimi siinuki mara moja," akaniambia bila kugeuka. "Nakwenda mpaka kwa kuku, narudi, ndio magoti inakubali. Hii nayo iko hivyo. Ni umri."

Kisha akafanya jambo nililomwomba: akampakia debe mbili, moja kila upande, zimejaa hadi ukingoni, bila majani. Tukatembea tambarare, nikiwa nyuma. Nyonga ilipopanda, debe la kushoto liliruka, na maji yakachupa nje, kidogo, kila hatua, kama mtu anayehesabu. La kulia lilitulia. Nilisimama njiani nikashika kichwa. Kiungo kile hukaa ndani ya ngozi, ndani ya kano, hukioni, na mnyama mwenyewe anakificha kwa akili zake zote. Lakini maji yalikuwa yanasema, na mwanamke huyu alikuwa ameyasikiliza miezi. Nilipopapasa upande wa ndani wa kifundo, chini, nikakuta uvimbe mgumu, mfupa mtupu, mdogo kama kokwa la zambarau. Ulikuwepo hata siku ya josho. Mkono wangu ulikuwa umepita juu yake ukitafuta kijiwe.

Sasa matunzo. Sikuwa na uwezo wa kuponya, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia tunaweza kumsaidia, na kwamba itachukua mwaka, labda miwili. Nilifupisha ncha ya ukwato kwa kisu na tupa, kila wiki sita, kwani ukwato mrefu mbele hukivuta kifundo kama mtu anayefungua mlango kwa nguvu. Debe zikabaki mbili. Asimfunge mahali pamoja mchana kutwa, amwache atembee malishoni. Asubuhi amtembeze mtupu kabla ya kumpakia. Asubuhi ya baridi amkande kwa mfuko wa mchanga uliopashwa moto. Ule unga nilimwachia vipimo vichache, vya siku mbaya, na sharti kubwa: siku ya unga, punda habebi kitu. Kulikuwa na jirani aliyetaka kumchoma kifundo kwa chuma chekundu, kama walivyofanya wengi. Mama Mwende alimwambia aanze na goti lake yeye mwenyewe aone raha yake.

Ukingo wa mto ndio ulionishinda. Hata debe mbili, kwa mwinuko ule, kila siku zingemaliza tulichojenga. Nililisema hilo kwa Mama Mwende nikaliacha, maana sikuona la kufanya. Yeye alilipeleka kwa mwethya.

Mwethya mnaujua, ni kikundi cha kazi cha akina mama. Leo wanapiga matuta kwako, kesho kwangu. Aliwaambia zamu yake ya msimu ule hataki matuta. Anataka njia. Walimcheka sana. Kuchimbia punda barabara, kwani punda ni diwani? Lakini zamu ni zamu, huwezi kumkatalia mtu yake. Walikuja asubuhi moja, wanawake ishirini na zaidi, na majembe, wakiimba nyimbo za kanisani, wakaukata ule ukingo njia ya kupinda, mara tatu kwenda na kurudi, ya upole kiasi kwamba mtoto angeipanda akila muwa. Siku nne. Mimi nilibeba mawe. Bwana Nzioka alikuja siku ya tatu kuona kama kweli, akasimama juu na mikono kiunoni, kisha akavua koti. Alikuwa mtu mzima na alishika sururu hadi saa saba. Kufika mwisho wa mwezi, punda wote wa upande ule wa mto walikuwa wanaipita, na wenyewe wakasahau walikuwa wamecheka.

Nilikaa Tseikuru miaka mingine miwili na ushei. Mwaka wa kwanza punda alikuwa na siku mbaya nyingi. Wa pili zikapungua. Nilimwandika daftarini kila mwezi, chini ya "wengineo".

Kisha nikahamishiwa upande wa Makueni, Mukuyuni kwanza, baadaye Kalamba, nikakaa huko karibu maisha yangu yote ya kazi. Mitungi ya plastiki ilikuwa imeingia, ya njano na ya buluu, yenye vifuniko. Kila mtu aliifurahia, na mimi pia, kwani maji yalifika safi. Lakini ilichukua mwaka kugundua kilichopotea. Kifuniko kikifungwa, hakuna kinachomwagika. Mama aliyekuwa akijua hali ya punda wake kwa macho kila jioni sasa hakuona kitu mpaka mnyama ashindwe kabisa. Waliletwa kwangu wakiwa wameharibika kuliko wale wa Tseikuru.

Basi nikatafuta debe mbili za zamani, nikaziweka nyuma ya ofisi. Punda akiletwa na malalamiko ya mguu, nilimpakia, nikajaza hadi ukingoni, tukazunguka uwanja wa soko, kisha nikapima kwa kijiti kila debe limebakiza kiasi gani. Daktari kijana aliyekuja kukagua, mwenye digrii, aliniuliza kama nimefungua biashara ya maji. Nilimwambia apime kwa njia yake, nami kwa yangu. Punda wanne tukakubaliana. Wa tano yeye alisema mzima, mimi nikasema ni mguu wa kulia. Alirudi mwezi uliofuata, akauliza habari za yule wa tano, akasikia ameanza kuchechemea mguu wa kulia, akaenda nyuma ya ofisi kuziangalia debe zangu. Alikuja kuwa mtu mzuri sana. Huwa naamini mtu anayerudi kuuliza.

Zaidi ya miaka kumi ilipita kabla sijaiona Tseikuru tena. Tulipelekwa kuchanja ng'ombe wa kaskazini, nami nikaomba niwekwe upande ule. Nilifika kwa Mama Mwende mchana. Mama mkwe alikuwa amefariki. Punda alikuwepo, mzee, uso umeingia mvi, akinywa maji. Nikamwomba amtembeze. Hatua ilikuwa ngumu kidogo, mguu haukunji wote, lakini nyonga ilikuwa tuli kabisa. Nilibonyeza kifundo kwa nguvu. Akaendelea kunywa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Sijui siku. Ile shida ilipungua, ikapungua, siku moja nikaona sijaifikiria mwaka mzima."

Niliwahi kusoma kwamba maumivu ya kifundo kama hiki yanaweza kuisha yenyewe. Nilikuwa sijakutana na mtu aliyeiona kwa macho. Nilimwambia nina ombi la ajabu: punda akifa, asimwachie fisi mguu ule, anitunzie.

"Unataka kula?"

Nikamweleza kwamba nataka kuiona mifupa ya ndani. Akacheka mpaka akajishika mbavu, lakini akasema sawa.

Miaka ya themanini ilipokuwa inaishia nilipata ujumbe kupitia kwa mchungaji wa kanisa lao: mwambie daktari mguu wake uko tayari. Mama Mwende alikuwa ameuzika nyuma ya zizi na kuuwekea mawe. Nilikwenda kwa likizo yangu. Tuliuchimbua pamoja, mifupa ilikuwa imekwisha kusafika, nikaiosha kwa beseni uani kwake.

Niliitafuta ile mifupa sita niliyoiandika kwa wino wa buluu. Wa juu kabisa ulitoka mkononi laini, unang'aa, umezunguka vizuri kama siku ulipoumbwa. Lakini chini yake, mfupa bapa wa kwanza na wa pili na ule mrefu wa mguu vilikuwa kitu kimoja. Nilitafuta ufa kwa ukucha sikuupata. Mwili ulikuwa umevishika vile viungo vinavyouma, ambavyo kazi yake ilikuwa ndogo, ukaviziba kwa mfupa, kidogo kidogo, miaka, huku mnyama akishuka mtoni na kurudi. Na kile kiungo cha juu, kile cha kukunjia, ulikiacha bila kukigusa. Nilikaa chini. Nimesaidia kuzalisha ndama wengi, nimeona mengi ya kumshangaza mtu, lakini machozi yalinitoka kwa ajili ya kipande cha mfupa, na sikuona haya. Tungemleta askari siku ile, kazi hii ingekatizwa ikiwa imeanza tu.

Mama Mwende alikishika, akakigeuza, akapitisha kidole gumba pale palipoungana. Alikuwa amezeeka. Nilikuwa nimemwona akitoka jikoni, ameshika ukuta.

"Kwa hivyo haikupona," akasema. "Ilishikana."

"Ilishikana, ndio maumivu yakaisha."

Akajishika goti. "Na yangu? Magoti ikishikana hivi, itaacha kuuma?"

Ningeweza kusema neno la kupendeza. Lakini nilishawahi kumwambia "amepona" wakati mmoja, na nilijua lilimgharimu nini. "Hapana, mwaitu," nikasema. "Hii ya punda ilishikana pale pasipokunjwa. Goti la mtu ni la kukunja. Likishikana hutatembea."

"Ehe," akasema. Akanirudishia mfupa wangu. "Basi nitaenda nayo tu hivyo hivyo."

Akainuka kwa hatua zake, mkono kwenye kiti, kisha kwenye ukuta. Kulikuwa na punda mwingine sasa, jike, wa kahawia, na mitungi miwili ya njano, kwani hata huyu mpya hakumpakia minne. Ilikuwa saa ya kwenda mtoni. Nikafuatana naye.

Kisima cha mchangani hakichotwi ukiwa umesimama. Unapiga magoti kwenye shimo, unainama hadi bega, unachota kata kwa kata, unasubiri maji yachuruzike tena, unachota. Mama Mwende alianza kuteremka, mkono mmoja umetangulia kutafuta mchanga. Nikamshika kiwiko, nikaichukua ile kata. Aliketi juu ya jiwe na kamba ya punda mkononi, nami nikapiga magoti, na mitungi yote miwili niliijaza mimi. Ilichukua karibu saa nzima. Muda wote huo, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, hakunielekeza kitu.